Nafundisha Simu Niliyokwisha Kuiacha

Mpendwa mshauri,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni kwa wiki tatu sasa, na kwa sababu yake naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Ni mlio mdogo tu, kama kijiko kilichogonga glasi mara moja, na ulitoka kwenye mkoba wangu, chini ya kiti changu, Jumamosi saa nne asubuhi, katikati ya darasa, mbele ya watu tisa ambao hawaoni lakini masikio yao hayakosi kitu, na mbele ya kaka yangu, ambaye anaona, na ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni akitengeneza swichi ya feni.

Mimi pia sioni. Macho yaliondoka polepole nikiwa na miaka kumi na sita, na sasa nina ishirini na saba, nimesoma hadi chuo kikuu, nina kazi, nafika kazini kwa miguu yangu na fimbo yangu, kwa hiyo tafadhali usinionee huruma kwa hilo, nihurumie kwa haya yanayofuata.

Nikueleze kwanza habari za simu. Sisi tunatumia simu kwa kusikiliza, ukipitisha kidole juu ya kioo sauti inakusomea kilichopo chini ya kidole, na sauti hiyo ndiyo macho yetu mchana kutwa. Sasa simu ziko za aina mbili. Ipo iliyo wazi, ambayo mtu anayejua anachofanya anaweza kuingia ndani yake, akabadilisha mfumo, akatoa sauti iliyokuja nayo na kuweka ya kwake. Na ipo iliyofungwa, ambayo kampuni iliyoitengeneza ndiyo inayoamua nini kiingie na nini kibaki nje, wewe huna la kugusa, ila inafanya kazi leo kama ilivyofanya jana. Wenye simu za huku na wenye simu za kule hawapatani hata kidogo. Kaka yangu anawaita wa kule wapangaji, anasema, "Umenunua kwa hela yako halafu unaomba ruhusa ya kupigilia msumari." Katika darasa letu mpangaji ni mmoja tu, mama mmoja mkandaji, anakanda migongo ya watu kwenye kliniki ya viungo, na yeye hamkopeshi mtu maneno. Humjibu kaka, "Sisi wapangaji tunalala, baba. Nyinyi wenye nyumba kila siku mko juu ya paa na nyundo." Darasa zima hucheka, na mimi hucheka kuliko wote, ili nisijulikane.

Kaka yangu ni fundi wa lifti. Nilipopoteza macho yeye alikuwa na miaka ishirini, na alinisomea kwa sauti vitabu vyote vya shule, fizikia, historia, hata biolojia na sura zile za uzazi ambazo alizisoma haraka haraka kama anayefukuzwa na mbwa. Nilipoenda chuo hakuweza kunifuata, kwa hiyo akajifunza mwenyewe mambo ya programu, akaingia ndani ya kabati la nguo kwa sababu nguo zinameza mwangwi, akajirekodi humo jioni baada ya jioni kwa miezi mitano, maelfu ya maneno, mpaka akatengeneza sauti inayosoma Kiswahili kama mtu wa nyumbani anavyokisoma. Sijasikia simu nyingine inayosoma hivyo. Akaiweka kwenye simu yangu iliyo wazi, akanipa mkononi, akasema, "Haya, sasa sitakuacha tena." Nililia, mshauri, na yeye akajifanya anatafuta bisibisi.

Wengine wakaisikia, wakaitaka. Leo watu wanane wanaitumia, na kila Jumamosi nawafundisha katika chumba kimoja cha maktaba, yeye anakuja kubeba viti na kutengeneza kilichoharibika, na mkandaji anakuja na simu yake ya kupanga kwa sababu anapenda mazungumzo. Utaratibu wetu ni huu: kaka akibadilisha kitu katika programu, mabadiliko yanakuja kwanza kwenye simu yangu, ninayatumia siku mbili tatu, nikimwambia "iko sawa" anawatumia wote. Ndiyo maana ananiita Mkaguzi. Ni jina la utani, lakini hulitamka kwa heshima.

Mwaka jana nilinunua simu iliyofungwa, kwa siri. Nilikuwa nimechoka. Simu ya kaka ilishawahi kuninyamazia katikati ya njia panda, nimesimama na fimbo huku magari yananipigia honi kutoka pande ambazo sikuzijua, na ilishawahi kuninyamazia kazini, kazi yangu ni kunukuu mikutano iliyorekodiwa, nasikiliza na kuandika, na mkuu wangu akaniuliza mbele za watu kama nina uhakika kazi hii naiweza. Kila mara kaka aliomba msamaha, akarekebisha siku hiyo hiyo, na kila mara nikajiona maabara. Hii nyingine haijaninyamazia hata mara moja. Inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, hainiruhusu kubadilisha chochote, ni kama chumba cha hoteli ambacho shuka ni safi na kitanda kimefungwa kwa skrubu sakafuni, lakini nafika ninakokwenda. Halafu kuna mambo mengine, kuna kijana mmoja wa ofisi ya jirani aliniandikia jambo, na jambo hilo nikasomewa kwa sauti ya kaka yangu. Tuliache hilo.

Sasa sikia nilichofanya. Mwezi uliopita kaka alileta mabadiliko siku ya Jumatatu. Jumatano akanipigia, "Mkaguzi, vipi?" na mimi, ambaye simu yake ilikuwa kwenye droo na tangu Jumapili sikuwa nimeishika ila kumpokea yeye, nikasema, "Iko sawa." Ilikuwa mara ya ishirini na kitu kusema hivyo bila kujaribu, na mara zote mambo yalikuwa yamepita salama. Alhamisi akawatumia wote. Kumbe ndani yake kulikuwa na hitilafu, mtu akikupigia wakati sauti inasoma, sauti inakatika na hairudi.

Katika darasa kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amepoteza macho miaka miwili iliyopita na simu amejifunza kwangu tangu mwanzo, ananiita "mwalimu" na mimi namwita "mwalimu", basi tukisalimiana utadhani tuko ofisi ya walimu. Ijumaa alikuwa na miadi hospitali. Akiwa kwenye benchi akatumiwa ujumbe kwamba daktari amehamia chumba kingine jengo la pili, simu ikaanza kumsomea, binti yake akampigia, sauti ikakatika. Alikaa pale. Hakutaka kumsumbua mtu. Alikaa mpaka mfagizi alipomwambia ainue miguu, na daktari alikuwa ameshaondoka. Miadi mingine amepewa baada ya wiki sita, na mzee huyu ana presha.

Jumamosi akatusimulia, akicheka. Akasema, "Nilibonyeza vibaya, mwalimu. Kidole hiki kimezeeka, hakisikii tena. Naomba unirudishe darasa la kwanza." Kaka alikuwa ameshajua hitilafu na kuirekebisha, akataka kusema ni kosa la programu, akasema, "Lakini ajabu ni kwamba kwa Mkaguzi ilipita," na mzee akadakia, "Umeona? Kwa mwalimu imepita. Basi ni mimi." Na mimi nikanyamaza, mshauri. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nikanyamaza.

Ndipo mkoba wangu ukalia.

Simu iliyofungwa ina mlio wake, na sisi tunajua milio ya simu kama nyinyi mnavyojua sura. Kaka akaacha bisibisi. "Hiyo ya nani?" Nikajibu haraka, "Ya mama mkandaji." Mkandaji alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba. Kila mtu aliyekuwa pale aliweza kusikia mlio ulitoka wapi. Mkandaji akasema, "Ndiyo, yangu. Ni mteja," na darasa likaendelea. Baadaye akanishika mkono mlangoni, vidole vyake vina nguvu kama koleo, akaniambia, "Mwanangu, leo nimekusitiri. Sitakusitiri kila Jumamosi."

Tangu siku hiyo najiuliza na sipati. Nirudi kwenye simu ya kaka na kuwa mkaguzi wa kweli, hata kama itaninyamazia barabarani? Nimwambie kaka, aliyekaa kabatini miezi mitano kwa ajili yangu, kwamba nimemnyamazisha yeye mwaka mzima? Au niache kufundisha, nitafute kisingizio cha kazi, nipotee kimya kimya? Nampenda kaka yangu kuliko mtu yeyote. Naomba uniambie la kufanya, hata kwa ukali.

Mkaguzi Asiyekagua


MSHAURI ANAJIBU

Mkaguzi, pole. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakukasirikia, na sasa nakujibu nikiwa na yote mawili.

Tuanze na lililo jepesi. Kununua simu iliyofungwa si kosa. Hukula kiapo dukani. Mtu anayevuka njia panda kwa kusikiliza ana haki ya kubeba kitu kitakachomfikisha ng'ambo, na kama kaka yako angesimama pale kwenye honi na macho amefumba, angekubaliana nami. Hiyo vita yenu ya wapangaji na wenye nyumba inachekesha sana darasani, ila mmeichukulia kwa uzito hadi wewe, mtu mzima mwenye shahada, unaficha simu kama mwanafunzi wa bweni.

Sasa lile ulilosema tuliache. Hatuliachi. Umeniandikia mistari mingi kuhusu hitilafu, na nakuamini, lakini ulipofika kwa yule kijana wa ofisi ya jirani ukapita mbio kama kaka yako alivyopita kwenye biolojia. Mwanamke wa miaka ishirini na saba hapaswi kusomewa maneno ya mahaba na kaka yake, hata kaka awe malaika. Wala majibu ya daktari, wala ugomvi wa kazini. Ulihitaji chumba chako, na hukujua namna ya kumwambia mtu aliyekupa nyumba nzima. Hilo si utovu wa shukrani, ni kukua. Lakini ukimwambia habari za hitilafu peke yake, atazirekebisha zote ndani ya wiki, atakuletea simu imekamilika, halafu utasema nini? Utanunua ya tatu?

Kosa lako ni maneno mawili: "iko sawa." Hapo sina huruma. Watu wanane walikuwa wanatembea mjini kwa kuamini maneno hayo, na wewe uliyatamka kama mtu anayeitikia salamu. Na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mzee wa watu amekaa kwenye benchi la hospitali, amekosa daktari, kisha amekuja mbele yako kukuomba radhi kwa sababu ya kidole chake, na wewe umeshika meza. Umeniuliza habari za kaka, kaka, kaka. Kuhusu huyo mzee hukuniuliza hata swali moja katika barua yako yote.

Kwa hiyo utaanza naye. Usisubiri Jumamosi, usimwandikie ujumbe, nenda ulipo mlango wake. Mwambie hukuijaribu ile programu, ukasema imepita, na kidole chake hakina kosa. Usimweleze habari za kabati wala machozi yako, hayo ni yako. Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Kisha nenda na binti yake hospitali, mkaombe miadi ya mapema, na kama kuna foleni, simama wewe.

Baada yake ndio umwendee kaka. Mwambie yote siku moja, ukaguzi na sauti. Usimpunguzie dawa. Mwambie pia kwamba mtu mmoja hatoshi kukagua kitu kinachotembeza watu wanane, na hasa dada yake, ambaye hawezi kumwambia kwamba kazi yake ni mbaya. Hapo na yeye ana lake la kujibu: alichagua mkaguzi anayempenda.

Kuacha kufundisha kwa kisingizio nakukataza. Ukitaka kuacha, acha baada ya kusema ukweli, darasa likiwa limekaa. Na yule mama mkandaji mshukuru. Amebeba uongo wako bure, na mzigo si wake.


BARUA YA PILI, ILIYOTUFIKIA BAADA YA MWEZI

Mpendwa mshauri,

Nilikwenda kwa mwalimu mstaafu siku ileile niliyosomewa majibu yako. Alinikaribisha, akaniwekea kiti, nikamwambia kabla sijakaa. Hakunifokea. Aliuliza, "Hiyo Jumamosi nilipokuwa nasema habari za kidole, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akasema, "Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu anichukulie simu ya vibonyezo, nimeshindwa." Nikakaa kitini, kama ulivyosema. Aliponisindikiza mlangoni hakuniita mwalimu, aliniita binti. Hospitali tulipata miadi baada ya siku tisa. Jumamosi mbili hakuja darasani, na ya tatu akaja, akakaa nyuma.

Kaka nilimfuata kazini, kwenye jengo analohudumia, tukaongea kwenye chumba cha mitambo ya lifti, makelele matupu, na nadhani sote wawili tulishukuru kwa makelele hayo. Nilianza na ukaguzi. Alikasirika kweli, alisema, "Ningeua mtu, mdogo wangu. Ningeua mtu kwa neno lako." Nikamwambia la sauti. Nilisema ninaipenda, na siwezi kuishi ndani yake. Hapo hasira ikamwishia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Lifti ikapanda, ikashuka. Akaniuliza, "Kuna mtu alikuandikia jambo?" Nikasema kuna mtu. "Nikakusomea mimi?" Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu, akasema, "Nilisoma vizuri angalau?" Kisha akasema ana kazi, nirudi salama.

Darasani nilisema mwenyewe, nimesimama. Mmoja alikasirika akaondoka na hajarudi. Wawili waliuliza bei ya simu iliyofungwa, mbele ya kaka, na mkandaji akawajibu kwa furaha mbaya sana. Waliobaki walisema hawaiachi sauti ya kaka kwa lolote, ila kuanzia sasa wanataka kujaribu wenyewe kabla ya kupokea, na wakateuana watatu palepale. Kaka aliandika majina yao. Mimi simo.

Hajaacha kunisalimia, ila haniiti tena Mkaguzi, na jina langu la kweli mdomoni mwake linasikika kama la mgeni. Nimeamua kulizoea.

Limebaki moja la kukuarifu. Mwaka wote huo niliipa simu ya siri laini mpya, na laini ya zamani, ile ambayo kaka ameipigia tangu niko chuo, niliiacha kwenye simu yake, ili akipiga aamini niko humo. Nilikuwa naifuata kwenye droo kila ikiita. Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nimeitoa laini hiyo na kuiweka kwenye simu ninayoitumia. Kisha nimempigia kumjulisha kwamba akinitafuta, atanipata huku.